Abiria wa Mama Sare

Mama Sare alipata jina hilo kwa kushona sare za shule, katika chumba kimoja chenye vyerehani viwili na marobota ya kitambaa cha buluu. Marehemu mumewe alimwachia watoto watatu, gari dogo ambalo mlango wake ukifunguliwa hulia kama mbuzi, na shemeji.

Gari hilo ndilo miguu yake. Bila gari, sare hazifiki shuleni, na sare zisipofika, sufuria haipandi jikoni.

Siku moja, mchana kweupe, akiwa amesimamisha gari kwenye taa za barabarani, kijana alifungua mlango wa abiria taratibu kama anayeingia kwa mjomba wake, akachukua mkoba kitini, akaenda zake bila hata kukimbia. Watu walimzunguka Mama Sare wakampa pole, na baada ya pole wakampa swali: "Kwani ulikuwa unakwenda wapi peke yako?"

Shemeji alikuwa na jibu tayari. "Barabara si mahali pa mwanamke, shemeji. Ungekaa nyumbani, yangekukuta wapi?"

Mama Sare alimshukuru Mungu kwa kutoumia, akajifunza. Akawa anachungulia kiti cha nyuma kabla ya kuingia, anafunga milango kwa ndani kabla ya kuwasha gari, na mkoba anauficha chini ya kiti. Lakini dawa ya wale wanaume wa maegesho ya sokoni hakuwa nayo. Walizoea kuegemea mlango wake asitoke mpaka awachekee. Hakuwachekea, nao wakazidi kuegemea.

Ndipo akalichukua sanamu lake la kupimia nguo, lisilo na kichwa. Akalishonea kichwa cha matambara, akalivika koti, akaliinamishia kofia hadi puani, akalikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda.

Kesho yake, maegesho yote yalisimama wima.

"Shikamoo, mzee," mmoja aliliamkia sanamu. Mzee hakuitikia, wakazidi kumwogopa. Wawili wakakimbilia kusimamisha magari mengine ili mzee apite. Mama Sare alikuwa amepita hapo miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia hata hujambo.

Kumbe wezi wana macho na watu wema wanayo pia, tena ya watu wema hayalali. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukajua kwamba Mama Sare amepata bwana, mtu mzima, mkimya, hashuki garini kusalimia. Waliomwonea huruma alipoibiwa walikuwa watatu. Waliomsikitikia sasa hawakuhesabika.

Jumamosi asubuhi shemeji akaingia chumba cha kushonea, nyuma yake wazee wawili wa nyumba ya ibada.

"Lete funguo, shemeji. Gari la ndugu yangu halitabeba mabwana."

"Mabwana wangapi?"

"Huyo mmoja anatosha! Yuko wapi?"

"Yuko garini. Nendeni mkaonane naye."

Shemeji akatangulia, akagonga kioo. "Wewe bwana! Shuka tuongee kiume!" Kimya. "Mnaona kiburi?" aliwaambia wazee. Mama Sare alipofungua mlango, shemeji akamkamata yule bwana kwa ukosi akamvuta. Kichwa kikachomoka, kikabaki mikononi mwake, na matambara yakamwagika kwenye viatu.

Shemeji akasimama amekishika. Hakujua akiweke wapi.

"Nilipoibiwa ulikuja peke yako, shemeji," alisema Mama Sare kwa upole. "Leo kwa ajili ya matambara umeniletea wazee wawili. Mungu awalipe kwa kunijali. Funguo bado mnazitaka?"

"Funguo za nini?" mzee mmoja alijibu haraka. "Kaa nazo, mama." Akakohoa, akasogea karibu. "Binti yangu ni muuguzi, anaegesha nyuma ya hospitali. Kila siku analalamika, nami namwambia avumilie. Kama huyu... unamshona kwa siku ngapi?"

"Nne. Nahitaji vipimo vya mwanaume."

Mzee akamtazama shemeji kuanzia utosini hadi unyayoni. "Huyu anafaa."

Wakamrudisha ndani. Mama Sare akauzungusha utepe kiunoni mwake, akasubiri.

"Usibane tumbo, shemeji. Pumua tu. Tunataka wakuogope."