Siku Niliyojifanya Nakunywa Munanila

Nakumbuka siku moja Munanila, mwanangu, siku nilipokaribia kuukosa ubunge kwa sababu ya pombe, mimi ambaye tangu nizaliwe sijaionja hata kwa ncha ya ulimi. Usicheke bado. Utacheka mbele.

Wakati huo Buhigwe, Munanila ikiwemo, ilikuwa bado upande wa Kasulu, na jimboni kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuomba kura za ubunge, sembuse mwanamke wa Kiislamu aliyejifunga mtandio hadi kidevuni. Baba yangu alikuwa na duka la kanga na chumvi Kasulu mjini. Wakulima wa milimani walituita Waswahili sisi wa madukani, ingawa Kiha tulikizungumza kama wao. "Yule Mswahili anataka nini huku?" Swali hilo lilinitangulia kila kijiji. Na hesabu ya kampeni ilikuwa wazi: nikiikosa Munanila, nimekwisha.

Basi tukafika. Nikawaamkia, "Mwakeye!" wakaitikia kwa shangwe, wakatukaribisha uani kwa Bibi Anastazia, mkunga wa jadi ambaye wanawake wote wa pale walimsikiliza. Katikati ya ua palikuwa na chungu cha pombe ya ndizi, mirija imesimama ndani. Kwetu, mtu akikukaribisha kwenye chungu amekukaribisha kwenye ukoo. Mpiga debe wangu, Mwalimu Yosia, mstaafu mwenye maneno mengi, akaninong'oneza: "Mama, ukikataa chungu chao umewakataa wao. Shika mrija, ujifanye tu."

Nami nikaushika! Nikavuta mashavu, tone halikuingia kinywani, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Astaghfirullahi, nilijiona mjanja kweli. Nikasema moyoni, siasa nimeiweza.

Bibi Anastazia akaweka mrija wake kando, akanikazia macho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezalisha maisha yangu yote, mwili wa mtu naujua. Mashavu yako yanafanya kazi, koo limelala."

Loo, kicheko kilichopigwa pale! Mimi natamani ardhi ipasuke nizame. Lakini yeye hakucheka.

"Nani hapa hajui kwamba Waislamu hawanywi? Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe, tukupe maziwa. Sasa kama unatudanganya tumekukodolea macho hivi, huko Dodoma tusikokuona utafanya nini?"

Nikamtafuta Yosia, kumbe yuko anatazama paa kama fundi aliyeitwa kuliziba. Ndipo nikajisemea, mficha uchi hazai. Nikasimama.

"Bibi, nimekosa. Pombe sinywi na sitakunywa. Nilizitaka kura zenu nikaogopa kuwaudhi. Nisameheni."

"Haya," akasema, bado amekunja uso. "Na zahanati? Wanawake wetu wanajifungulia njiani wakipelekwa hospitali ya Kabanga. Utatujengea?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe, mwanangu. Hotuba ilikuwa mkobani, imeandikwa kwamba zahanati itasimama mwaka wa kwanza, na Yosia ameipigia mstari mara mbili. Ningejibu ndiyo, vigelegele vingefika Manyovu. Nikaiacha mkobani.

"Sijui kama nitaipata, Bibi. Najua tu kwamba nitaisema kila kikao, mpaka waichoke sauti yangu."

Akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Huyu akisema hajui, basi ni kweli hajui. Mleteeni maziwa!"

Wallahi nilikunywa kibuyu kizima, na wanawake wakihesabu mafunda kwa sauti kubwa, moja, mbili, tatu, huku wakicheka mpaka machozi. Nimekula karamu nyingi za wakubwa tangu siku hiyo, na sijapata kufurahi vile.

Munanila ilinipa ubunge. Zahanati haikuja mwaka wa kwanza, wala wa tatu. Ilikuja muhula wa pili, baada ya wabunge wenzangu kunibandika jina la Mama Zahanati na kuguna kila nikisimama. Miaka yote hiyo ya kungoja, Munanila hawakunizomea hata mara moja, maana walijua tangu mwanzo nilichoahidi na nisichoahidi.

Sasa nasikia nawe umechukua fomu ya udiwani huko Kibondo, na umeanza kujifunza kucheka vicheko vya watu wengine. Acha, mwanangu. Dini yako, kwenu, usichokula na usichokijua, vitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu wetu humpokea aliye tofauti nao; anayejigeuza mbele yao ndiye wanayemwogopa. Na ukiulizwa jambo usiloliweza, sema huliwezi, hata kama uwanja mzima unangoja kupiga makofi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kura utakazokosa kwa kusema kweli, ziache ziende, hazikuwa zako.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe watu wa kukukaripia mapema, na akupe moyo wa kuwasikia. Amina.