Picha Iliyozunguka Mezani

Miaka ile ya mkataba wa amani, kabla Sudan Kusini haijawa nchi, shirika langu la Nairobi lilinituma Juba kusaidia kuandika rasimu ya sheria ya habari. Tulikutana chini ya hema la hoteli moja, na siku hiyo ubishi ulikuwa wa picha za ngono. Mmoja alisema tukizipiga marufuku tutawapa polisi fimbo ya kuwachapia wanawake. Wakili aliyekaa karibu nami akajibu kwamba mwanamke anayetazamwa hivyo hawezi kuwa sawa na mtu yeyote. Ili tuyaone madhara yenyewe, akatoa simu yake, ikazunguka mezani. Iliponifikia nikamwona msusi wangu wa mtaa wa Kator, anaoga.

Nilikasirika, nikaifunika simu mezani.

Alikuwa Mganda, ana kibanda cha kusukia nywele karibu na kanisa kuu. Mwanamume aliyeachana naye ndiye aliyempiga picha kwa siri, akaisambaza sokoni. Jioni hiyo nilimwendea kibandani, akanisihi nimsaidie, maana mimi ni mtu wa sheria. Hakutaka fidia. Alitaka picha ifutwe kwenye simu za watu, basi. Sheria yetu ilikuwa bado maneno ya hemani, kwa hiyo tukaenda kwa chifu.

Chifu, mzee mpole, akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba, "Akhu taki wen?" Alikuwa anauliza kaka yake yuko wapi. Kwa mila ya pale, mwanamke akivunjiwa heshima, mwenye kesi ni baba au kaka, na msusi hakuwa na ndugu Juba. Nikahangaika huku na huko mpaka nikampata mzee wa kanisa lao, Mganda mwenzake, akakubali kusimama kama kaka. Tulidhani tumepata wa kumsemea. Kuanzia hapo hakuna aliyemtazama msusi tena. Kaka akaulizwa kama anasamehe. Yule mzee wa kanisa, aibu imemjaa, akasema amesamehe, na dada yake atarudi kwao Uganda, yaishe.

Msusi akasimama. "Mimi iko hapa," alisema. "Mwili ni ya mimi. Uliza mimi."

Chifu akamwambia taratibu kwamba kaka yake amekwisha kusema. Mshtakiwa, yule mwanamume aliyempiga picha, akaifuta kwenye simu yake mbele yetu, watu wakapiga makofi. Askari wa mlangoni akaitazama simu yake mwenyewe, akacheka.

Nilimsindikiza msusi hadi kwenye basi la Kampala. Aliniuliza sheria yetu itakamilika lini. Nikabaki nikilia pale stendi kama mtoto, huku yeye ndiye ananibembeleza.

Kesho yake nilimwomba yule wakili wa hemani aifute picha kwenye simu yake. Alikuwa mtu mwema, kusema kweli. Alinitazama kwa huruma, akasema hawezi kwa sasa, bado anaihitaji awaonyeshe wabunge.