Mgeni Aliyejitandikia Kitanda

Kwa miaka mingi alitandika vitanda vya watu wengine. Hoteli aliyofanyia kazi ilikuwa karibu na stesheni, jengo refu lenye ngazi nyembamba, na wenzake pale walimwita Bi Mikunjo, kwa sababu shuka alilotandika yeye lilikunjwa pembe na kunyooka mpaka mgeni akaona haya kulilalia. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata kwenye kitanda kimoja kati ya vile. Aliyoyaona vyumbani ni mengi: taulo jipya limefutiwa viatu, bomba limeachwa wazi usiku kucha, chupa za plastiki zimerundikana uvunguni kana kwamba sakafu ni jalala. Jioni alimwambia mume wake, "Watu wakishalipa tu, wanajiona wameinunua dunia."

Alipostaafu, watoto wao walichanga wakawapa zawadi: siku chache kwenye hoteli ndogo kando ya ziwa, mbali kule milimani. Walitaka kuwakatia tiketi za ndege. Bi Mikunjo akakataa katakata.

"Treni ipo na inafika. Ya nini kuchoma mafuta yote hayo angani kwa ajili ya vizee viwili?"

"Sema tu unaogopa ndege," mume wake akamchokoza.

"Naogopa, ndiyo. Lakini hata nisingeogopa, ningepanda treni."

Mume alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu wa maneno mengi na uchangamfu. Hakubishana. Maisha yake yote alishika usukani. Kukaa dirishani akaendeshwa na mtu mwingine kulimfurahisha kuliko alivyotegemea. Njia nzima alimgusa mkewe bega: tazama daraja lile, tazama korongo, tazama yule mbuzi anayetutazama. Walikula chakula walichofunga nyumbani, wakanywa maji kwenye chupa yao ya bati. Ila dereva alikuwa na lake moyoni. Katika picha za hoteli aliiona boti ya injini ikipasua maji, na tangu siku hiyo hakuacha kuitaja.

"Nimeendesha kila chenye magurudumu," alisema. "Sasa nataka kupanda kisicho nayo."

Asubuhi ya kwanza hotelini, Bi Mikunjo alitandika kitanda. Akapiga deki bafuni, akaanika taulo dirishani, akafunga taka zao kwenye mfuko ili arudi nazo mjini, kwa kuwa alishaona moshi wa plastiki ukitoka shimoni nyuma ya jiko. Kisha akatundika mlangoni kile kibao cha kuomba wasisumbuliwe.

"Mke wangu, tumekuja kupumzika au kuomba kazi?" dereva akauliza.

"Namhurumia anayesafisha. Ningekuwa mimi, ningefurahi."

Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Mchana mlango ukagongwa kwa woga. Alikuwa dada wa vyumba, binti wa umri wa kitinda mimba wao, ameshika ndoo, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Samahani. Naomba uniambie nilichokosea."

"Marahaba, mwanangu. Ukosee nini, na mimi hata sijakuona?"

"Ndiyo hivyo, mama. Msimamizi anauliza kwa nini mmenikataa. Anasema mgeni akijisafishia mwenyewe, basi haiamini kazi yangu. Na nikipunguziwa vyumba, napunguziwa na siku za kazi."

Bi Mikunjo alikaa kitandani kwa kishindo. Huruma aliyojivunia tangu jana ilikuwa inamharibia mtu riziki, naye alikuwa akilala usingizi mzuri tu. Akamshika binti mkono, akamketisha kando yake.

"Mwanangu, mimi nimefanya kazi hii mpaka magoti yakagoma. Nilitaka nikupunguzie mzigo, kumbe nakunyang'anya."

Binti akamtazama, kisha akatazama pembe za shuka. Akacheka ghafla, machozi bado yakimtoka. "Ndiyo maana! Mgeni gani anakunja pembe hivi?"

Wakakubaliana. Taulo na shuka zisifuliwe mpaka siku ya kuondoka, maana maji ya sabuni yaliteremka moja kwa moja ziwani. Ila binti aje kila asubuhi, afagie, apange, chumba kiwe chake. Bi Mikunjo akashuka mwenyewe kumweleza msimamizi. Msimamizi akasikiliza, akakuna kichwa, akasema hana neno.

Aliporudi alimkuta mumewe akiulizia boti. Binti alikuwa akisokota kitambaa chake cha vumbi.

"Sema tu, mwanangu," dereva akamwambia.

"Baba, ile boti inapita kwenye matete, na sasa hivi ndege wanaatamia. Mawimbi yake yanazamisha viota. Tunakuta mayai yanaelea."

Dereva aligeukia dirisha. Hakuna aliyemharakisha. Mkewe, aliyejua ameisubiri boti ile kwa hamu kiasi gani, aliweka mkono mgongoni pake akauacha hapo.

"Basi," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtoto aliyenyang'anywa peremende.

"Shangazi yangu ana mtumbwi," binti akasema taratibu. "Ila unapigwa kasia."

Kesho yake walikwenda kwa miguu mpaka kwa shangazi, mwanamke mnene mwenye mzaha, wakala chakula alichowapikia, wakamlipa bila kuomba punguzo. Kisha wakashuka majini. Shangazi alikaa mbele, Bi Mikunjo katikati, dereva nyuma na kasia lake. Mtumbwi ukaanza kuzunguka palepale.

"Baba," shangazi akasema, "mbona kama unatafuta pa kuegesha?"

Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Lakini dereva hakukata tamaa. Alijifunza polepole, jasho likimtiririka, mpaka wakafika kwenye matete. Hapo shangazi akainua mkono, naye akaacha kupiga kasia. Ndege mmoja wa kijivu alikuwa ameketi juu ya kiota chake, karibu kabisa. Aliwatazama kwa jicho moja, wala hakuruka.

Maji yaligonga ubao kidogo kidogo. Ndani ya matete vilisikika vifaranga, sauti nyembamba kama bawaba inayotaka mafuta.

"Unajua," dereva akanong'ona, "miaka yote ile barabarani sikuwahi kusikia kitu. Injini tu."

Bi Mikunjo alinyoosha mkono nyuma, akalipata goti lake, akalishika.

Walipofika ufukweni viganja vya dereva vilikuwa na malengelenge, naye alivitazama kwa fahari.

"Treni yetu inaondoka kesho saa ngapi?" akauliza.

"Mchana," mkewe akasema.

"Basi shangazi, asubuhi tunaweza kuja tena?"

"Karibuni," shangazi akajibu, akifunga kamba ya mtumbwi. "Ila kesho kasia anashika mama."