Jina Lenye R Mbili

Leo sokoni Kalerwe nimepita penye sufuria la posho, ugali wa huku kwetu, lililoungua chini, na harufu ya ukoko ikanirudisha jikoni kwetu, kwenye kota za jeshi. Aliyekuwa akisonga ni mgeni wetu, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyejifunza Kiswahili Tanzania. Tulimwita Mjomba. Kila Jumapili kabla ya kula alitutajia ndugu zake waliouawa na polisi wa Makaburu, na kila mtoto alikuwa na jina lake la kutunza, lisipotee.

Mimi nilipewa la dada yake mdogo. Lilikuwa na r mbili, na ulimi wangu, uliozoea Kiganda cha mtaani, ukazigeuza zote l.

"Wewe!" mama akafoka. "Jina la marehemu unalichezea?"

Nikajaribu tena. Zikatoka l zilezile. Kaka zangu wakacheka, nami machozi yakanilengalenga.

Mjomba akaweka mwiko chini.

"Mwacheni, jamani. Hata dada yangu mwenyewe alilitamka hivyo mpaka akaanza shule." Akachuchumaa mbele yangu, mikono imejaa unga. "Sema tena, mwanangu. Hivyohivyo."