Tuta la Mteremkoni

Sisi hatukuomba kukaa kando ya barabara. Hilo naliweka mbele, kwa sababu nikisimulia habari hii hakosi kijana wa kuniuliza, "Sasa bibi, kwani nani aliwatuma mjenge barabarani?" Anauliza kana kwamba tuliamka siku moja tukalitamani vumbi. Hatukujenga, mjukuu wangu. Tulijengeshwa. Kwetu kulikuwa ndani huko porini, mbali na njia ya Handeni na Korogwe. Kila mtu alikuwa na shamba lake na mji wake, na kelele kubwa tuliyoijua ni ya nyani kwenye mahindi. Ikaja operesheni ya vijiji. Tukaambiwa twende barabarani ili huduma zitufikie. Aliyechelewa aliezuliwa paa, akabaki anatazamana na mawingu.

Huduma ya kwanza kutufikia ilikuwa malori.

Aliyekipima kijiji chetu alikipima vizuri sana kwa kamba. Nyumba zilinyooka upande huu, shule na kisima upande ule, na barabara katikati. Sijui kama alipokuwa akiikunja kamba yake alijiuliza mtoto atakwendaje shule, au mama atatekaje maji. Nadhani hakujiuliza. Alikuwa na gari la kumrudisha kwake.

Tena tuliwekwa chini ya mteremko. Malori yalitoka Chanika, mjini Handeni, na mahindi na pamba, yanawahi Korogwe kwenye reli, na yakifika juu kule yanajiachia. Mwanzoni tuliyasikia yakija, tunaita watoto, tunasimama pembeni, vumbi linatupita. Vita vya kumtoa nduli vilipokwisha petroli ikaadimika, na madereva wakajifunza ujanja. Wakifika kileleni wanazima injini, wanatia gia huru, lori linateremka lenyewe mpaka kwenye daraja la chini ndipo wanawasha tena. Waliokoa mafuta. Kwetu lori likawa halina sauti. Unageuka, limeshafika.

Mwaka huo huo binti yangu aliingia darasa la kwanza. Pamoja naye aliingia binti wa jirani yangu, Msambaa wa Lutindi aliyeolewa kwetu, mwanamke wa maneno machache na mikono ya kazi. Watoto wale walikuwa kama kucha na kidole. Asubuhi walishikana mikono wakavuka, mchana wakashikana mikono wakarudi. Na mimi kila asubuhi nilisimama pale kando, kanga begani, natazama juu mteremkoni mpaka macho yanauma. Nilikwenda shamba nimechelewa kila siku, na shambani sikulima kwa raha. Nilikuwa nahesabu tu saa ya watoto kutoka.

Siku moja lori lilipita na ndoo ya mama mmoja. Ndoo, siyo mama, yeye aliruka. Jioni ile wanawake tulimwendea mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa anaogopa kila mtu aliyevaa viatu vya kufunga kamba. Akaenda mjini kuomba magari yapunguziwe mwendo pale kwetu. Akaambiwa suala linashughulikiwa. Akaenda tena. Bado linashughulikiwa. Jirani yangu, yule asiyesema, ndiye aliyesema: "Jembe ninalo. Tunangoja nini?"

Tukaitisha msaragambo. Wazee, wake, vijana, kila mtu na jembe lake, kama tunakwenda kulima shamba la kijiji. Tukachota udongo na changarawe, tukainua tuta katikati ya barabara, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, tukalishindilia kwa michi ya kutwangia. Siku hizi kila mtu anayaita matuta, hata wahandisi. Sisi tuliliita tuta kwa sababu ndilo tulilolijua, la viazi. Madereva walitutukana mama zetu wote, lakini walipunguza. Kwa mara ya kwanza nilikwenda shamba mapema, na nililima.

Halafu wakaja watu wa usalama.

Lilipita gari lenye kipaza sauti, linatangaza mpaka Magoma huko nasikia: "Ndugu wananchi! Mgeni rasmi anakuja katika wiki ya usalama barabarani! Mhudhurie wote mfundishwe kufunga mkanda!" Jamani. Neno hilo walilitoa wapi? Tangu vita viishe tulikuwa tunaambiwa tufunge mikanda. Sukari hakuna, funga mkanda. Sabuni hakuna, funga mkanda. Kanga ya kuzikia hakuna, funga mkanda. Na watu wa Handeni njaa hawafundishwi, wanaijua kwa majina. Sasa anakuja mgeni rasmi kutufundisha kufunga mkanda tena? Jua halijazama, watu walikuwa wanatoa mahindi ghalani na kuyapeleka vichakani. Mama mkwe wangu alifukia debe zima nyuma ya choo. Nilijaribu kueleza kwamba huenda ni mkanda wa garini, maana nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma na nilikuwa nimeona picha yake. Akaniambia, "Wewe mkwe, una gari?"

Siku moja kabla ya sherehe alikuja afisa wa kamati ya usalama barabarani kukagua njia. Kijana safi, suruali ina mikunjo ya pasi. Akashuka garini, akaliangalia tuta letu, akacheka.

"Ndugu mwenyekiti, nani kapanda viazi barabarani?"

Mwenyekiti akaeleza. Watoto, kisima, malori yasiyo na sauti. Afisa alimsikiliza huku anatazama saa. Akasema tuta bila kibali ni kizuizi, na kizuizi ni hatari kwa usalama barabarani. Na gari la mgeni rasmi liko chini, litagusa. Lisawazishwe leo hii.

Tulilisawazisha wenyewe, kwa majembe yale yale. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo mpaka leo, wala siifichi. Laiti wangekuja na greda lao wakalibomoa, ningekuwa na mtu wa kumlaani. Walitusimamia sisi tulibomoe. Jirani yangu alilima kile kipande cha mbele ya nyumba yake polepole mno, mpaka afisa akamwambia, "Mama, haraka kidogo." Kesho yake kwenye hotuba yule yule akatuambia haraka haraka haina baraka.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa shule. Walileta kiti cha gari kilichong'olewa kwenye gari bovu, kimefungwa juu ya ubao, na mkanda wake unaning'inia. Nikawekwa pembeni niwafasirie wazee kwa Kizigua. Afisa akaomba mzee mmoja aje akae, aonyeshe mfano. Wazee wakakataa. Mmoja akasema hajaiba kitu, afungwe kwenye kiti kwa kosa gani? Watu wakacheka, mgeni rasmi naye akacheka. Hapo mama mkwe wangu akanyanyuka na fimbo yake, akaenda akakaa. Akavutiwa mkanda, ukapita kifuani, chuma kikaingia kwenye chuma kwa sauti. Makofi.

"Sasa bibi yuko salama!" akasema afisa. "Hata gari likipinduka, bibi hatoki!"

Na kweli hakutoka. Chuma kilikataa kufunguka. Afisa akabonyeza, akavuta, akapiga ngumi, akaita dereva, dereva akabonyeza. Mama mkwe alikaa ametulia, na alipoona hawezi kuondolewa, akaamua kuzungumza. Akaomba salamu zake zifike kwa mgeni, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha porini, neno kwa neno, hata sikuwa na cha kufasiri:

"Baba, nimeshafungwa, hunifukuzi, basi nisikilize. Huu mkanda ni mzuri. Lakini mimi nikienda Korogwe napanda juu ya magunia, kwenye lori. Huko juu mkanda uko wapi? Tena sisi hatufi ndani ya magari, baba. Gari lenyewe hatuna. Sisi tunafia nje. Tulikuwa na tuta pale, limetoka jana kwa ajili yako. Nakuomba uturudishie tuta letu, mkanda wako uende nao."

Mgeni rasmi akatabasamu, akasema maneno ya bibi ni mazito na atayafanyia kazi. Akasema tena kinga ni bora kuliko tiba. Mwishowe mkanda ulikatwa kwa kisu cha waliokuwa wanapika pilau, mama mkwe akatoka. Wakala, wakatushukuru kwa ukarimu, wakaondoka wakiwahi shughuli nyingine. Nilisimama pale pale tuta lilipokuwa nikaangalia gari la mgeni rasmi linapita. Halikupunguza hata kidogo, maana hapakuwa na kitu cha kulipunguzisha.

Tukamwambia mwenyekiti turudishe tuta usiku huo. Akasema tungoje, mkubwa ameahidi mbele ya watu. Tukangoja. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na sisi wenye njaa tulimngoja aliyeshiba akumbuke.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Nilikuwa nimesimama kando kama siku zote. Wale watoto walishikana mikono. Nilitazama juu, sikuona kitu, kwa sababu mbuzi wa watu walikuwa wameinua vumbi pale kwenye kona. Nikasema, "Haya, vukeni." Wakavuka, na lori likatoka ndani ya vumbi lile bila mlio wowote. Dereva alipiga honi, honi tu, maana breki zilikuwa zimeshamshinda. Binti yangu alikuwa upande wa mbele. Alivutwa mkono, akasukumwa, akaanguka mtaroni, akachubuka magoti. Mwenzake alikuwa upande wa lori.

Dereva yule alishuka akakaa chini akalia. Sikumpiga. Wengine walitaka kumpiga, mama mkwe akawazuia kwa fimbo. Kijana wa watu naye alikuwa ameambiwa afunge mkanda, aokoe mafuta ya kampuni.

Tulimzika mtoto alasiri ile, nyuma ya shule. Kwa desturi matanga huwekwa nyumbani kwa mfiwa, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje. Jirani yangu alirudi kutoka kuzika, akachukua mkeka mlangoni kwake, akapita nao mpaka katikati ya barabara, akautandika, akakaa amenyoosha miguu. Hakumwita mtu. Mimi nikachukua mkeka wangu. Mama mkwe akaletwa na kigoda chake. Kufika magharibi barabara ilikuwa imejaa mikeka, na wanaume wamewasha moto kandokando. Vijana wakaenda kuchukua majembe bila kuagizwa, wakainua tuta mbele yetu, kubwa kuliko la kwanza. Mwenyekiti alikuja kusema jambo. Akatutazama, akavua kofia, akakaa na wanaume.

Malori yakasimama. Dereva wa Kitanzania awe na ubishi namna gani, matanga hayapigii honi. Walishuka mmoja mmoja wakatupa pole, tukawainulia mkeka mmoja wakapita ukingoni kwa mwendo wa kusindikizwa. Siku zote za matanga tulilala pale. Umande ulitupata, siafu walitupata, hakuna aliyehama.

Siku ya kuanua matanga alikuja yule afisa wa pasi. Nilimwona anashuka, nikasema moyoni, leo nitafungwa, kwa maana akitamka neno kibali nitamrukia. Hakulitamka. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka, akachuchumaa, akampa jirani yangu pole kwa adabu zote. Kisha akashusha sauti. Akasema serikali imesikitika. Akasema anaelewa uchungu wa mama. Lakini barabara ni ya taifa zima, na leo tumekwisha anua, basi litafutwe greda, wala hawataliondoa lote, watalisawazisha kidogo tu magari yapite.

Jirani yangu alimtazama yule kijana bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kuna tuta lingine nyuma ya shule," alisema. "Fupi. Nendeni mkasawazishe lile kwanza. Mkiliweza, rudini mje mlisawazishe na hili."

Afisa akainuka, akavaa viatu bila kufunga kamba, akarudi garini. Tuliinua mkeka. Gari lake likapanda tuta polepole, tairi la mbele, kisha la nyuma, likateremka upande wa pili bila kutimua vumbi. Hicho tu ndicho tulichokuwa tunaomba, tangu mwanzo, na mtoto akiwa hai.