Uzio Uliopinda

Huku kwetu, visiwa vya Kerkennah, bahari ina wenyewe. Mgeni akisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyo: mtu hurithi kipande cha bahari kama wengine wanavyorithi shamba, na alama yake ni safu ya makuti ya mtende yaliyochomekwa mchangani, inayomwongoza samaki taratibu mpaka aingie demani mwenyewe. Kabla ya joto kali uzio huachwa, dema hutolewa, samaki wakazaa kwa amani. Majira yakigeuka, makuti mapya huchomekwa palepale alipochomeka babu. Nasema palepale, si shibiri huku wala shibiri kule. Ukiupinda uzio umemwibia jirani samaki wake, na kwetu mwizi wa bahari ni mbaya kuliko mwizi wa mbuzi, maana mbuzi hurudishwa.

Ndiyo maana watu walishika vichwa Ferjani alipoupinda wake.

Ferjani bin Hmida hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye masikio yaliyoharibiwa na mbizi, hivi kwamba ukimsalimu kutoka upande wa kushoto hupati jibu, na wasiomjua wakadhani ana maringo. Ujana wake aliumalizia kwenye mashua ya baba yake. Kisha kituo cha utafiti wa bahari kikatafuta mpiga mbizi anayezijua nyasi za bahari za visiwani, naye akachukuliwa. Kazi hiyo aliipenda, asikwambie mtu. Alirudi jioni ngozi imekunjamana kwa maji, akala kuskusi ya pweza, akamsimulia mkewe kuhusu samaki aliowaona kama vile mwingine anavyosimulia habari za mtaani.

Halafu chaza-panga wakaanza kufa.

Waliokulia pwani hii wanamjua chaza huyo. Husimama wima katikati ya nyasi za bahari, nusu yake amejizika mchangani, nusu iko juu, mrefu kupita paja la mtu mzima, mdomo umeachama kuelekea juu. Zamani tulimng'oa tukamuuzia mtalii akapambe ukuta, na hatukuona haya. Ukipitisha mkono juu yake, kivuli chako kikamgusa, hufunga mdomo. Hiyo ndiyo salamu yake. Basi ukaingia mwilini mwake ugonjwa wa kijidudu kisichoonekana kwa macho, ukaenea bahari yetu yote, kutoka upande wa Wahispania hadi kwa Wagiriki, na kila ulipopita uliacha makombe matupu yamesimama. Kazi ya Ferjani ikawa kupita juu yao na kupunga mkono. Alipunga mwaka nenda mwaka rudi, wala hakuna aliyefunga.

"Ukimwona hata mmoja aliye hai, Ferjani, niambie siku hiyohiyo," mkuu wake, Daktari Ibtissem, alikuwa akimwambia. "Hata kama ni harusi ya mwanao."

"Na ukishaambiwa, daktari?"

"Tutamchukua kwa uangalifu tumtunze kwenye matangi, tumtafutie mwenzake. Peke yake hawezi kuzaa."

"Waliochukuliwa kwingine wameishi?"

Ibtissem hakuwa mwanamke wa kudanganya. "Wachache," alisema. "Wengi wamekufa."

Jibu hilo lilimkaa Ferjani kooni kama mwiba wa samaki, na sababu yake ilikuwa baba yake.

Mzee Hmida alipougua kifua, alisema atabaki kwake, dirisha lake liko juu ya maji, basi. Ferjani hakumsikiliza. Alimbeba alfajiri mpaka kwenye kivuko, wakavuka kwenda Sfax, hospitali kubwa, madaktari wazuri. Hakumwita mtu kusaidia, hakumuaga mtu. Aliogopa majirani wangekuja na maneno yao, na mzee angepata nguvu ya kukataa. Kule alilazwa kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Mzee akawa anauliza kila siku maji yamejaa au yamepwa, na Ferjani akawa anambahatishia jibu. Mzee alirudi nyumbani ndani ya sanduku, kwa kivuko kilekile. Madaktari walisema hata angebaki kisiwani asingepona. Maneno hayo Ferjani aliyasikia, lakini kusikia si kuamini, na tangu siku hiyo aliishi akijua kwamba amemng'oa baba yake.

Sasa tazama mambo. Mwaka uliofuata msiba, majira yalipogeuka, alichukua makuti na mashua akaenda kuchomeka uzio wa baba. Maji yalikuwa meupe, ya kifuani. Alizamisha uso kutafuta vishina vya makuti ya zamani, na pale hasa ambapo kuti lilitakiwa kuchomekwa, alisimama chaza-panga. Akapitisha mkono kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Chaza akafunga mdomo.

Ferjani aliinuka, akavua miwani ya kuzamia, akalia pale majini peke yake, kilio cha mwanamume aliyekaa na kilio chake muda mrefu. Alikuwa amewapungia wafu miaka yote hiyo, na aliye hai alikuwa ndani ya bahari ya baba yake.

Jioni hiyo simu aliiweka mezani, akaitazama. Mkewe akamuuliza, "Unamngoja nani akupigie?" Akasema hamngoji mtu. Hakumpigia Ibtissem siku hiyo, wala siku iliyofuata. Hapa hapa alipo amenusurika, alijiambia. Mimi siye nitakayemtia kwenye kivuko.

Lakini uzio ulikuwa lazima uchomekwe. Uzio usiochomekwa huleta maswali, na maswali huleta watu. Kuti likipita pale lingemvunja chaza au kumziba maji. Basi Ferjani akaizungusha safu, akampita chaza kwa urefu wa kasia, kisha akarudi kwenye mstari wa babu. Ukiitazama kutoka juu ilikuwa kama mtu aliyetoa nyonga. Na nyonga hiyo, kwa bahati mbaya, ilitokea upande wa Mannoubia.

Mannoubia, ambaye Ferjani alimwita shangazi kwa heshima tu, alikuwa mjane, bahari yake inapakana na ya akina Hmida, na mashua aliiendesha mwenyewe hata baada ya kupata wajukuu. Msiba wa Hmida ulipofika, ndiye aliyepika chakula cha waombolezaji. Alipouona uzio alikuja moja kwa moja nyumbani, hata kiti hakutaka.

"We Ferjani, hebu niambie. Kile nini kule?"

"Uzio, shangazi."

"Uzio naujua, nimezeekea humo. Nauliza hiyo nyonga umeitoa wapi? Baba yako alichomeka miaka yote, sikuwahi kuona uzio wake unacheza ngoma."

"Ina sababu yake, shangazi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mkizi wangu wote wanakata kona wanaingia kwako! Sababu gani?"

Ferjani akatazama chini. "Siwezi kusema."

"Huwezi kusema. Baba mtu hajaoza kaburini, mtoto ameshaanza kula mpaka. Haya. Wanasema hasira za mkizi tijara ya mvuvi. Mimi sitaruka hapa unitie demani. Nitakwenda kwa amini wa bahari atuamulie."

Angeweza kumwambia palepale. Lakini kisiwa chetu ni kidogo na midomo ni mingi. Alijua siri ikitoka, kabla ya wiki kuisha angetokea mmoja wa kumng'oa chaza akauze, na mwingine wa kumpigia simu Ibtissem kwa nia njema. Akanyamaza, na ukimya ukamgharimu. Mkahawani meza yake ikawa na nafasi. Ukoo wa Mannoubia ukafanya karamu ya tohara na mwaliko haukumfikia. Mtu mmoja alimwita "mtaalamu wa kunyoosha bahari" na watu wakacheka, naye akacheka nao, kwani angefanyaje? Hmida alikuwa amemwachia vitu viwili, bahari na jina, na sasa alikuwa analipoteza jina ili kuilinda bahari.

Kazini napo hakukuwa na raha. Ibtissem alimuuliza kila waliporudi kutoka majini, "Bado hakuna?"

"Hakuna, daktari."

Akimtazama mwanamke yule anavyoshuka gatini amechoka, amebeba matumaini yake mwenyewe bila mtu wa kumsaidia, Ferjani alijiona mwizi kweli. Lakini kesho yake alipita kwenye uzio, akapunga, chaza akafunga, na moyo wake ukatulia.

Amini wa bahari, yule tuliyemkubali wote atuamulie mipaka, alikuwa Tijani, mtu mkali mwenye magoti mabovu, aliyechukia kutolewa nyumbani. Siku aliyoipanga alikuja na mashua yake, Mannoubia na ya kwake, na wanaume kadhaa waliokuja kutazama aibu ya mwenzao. Ferjani akaomba neno moja.

"Mzee Tijani, kabla hujaamua, niruhusu nimwonyeshe shangazi kitu. Yeye peke yake."

"Mwonyeshe upesi. Magoti haya hayangoji siri za watu."

Mannoubia akahamia kwenye mashua ya Ferjani, uso ameukunja. Walipofika kwenye nyonga ya uzio, Ferjani akamweleza yote kwa sauti ya chini: chaza, ugonjwa, matangi, Ibtissem, na baba yake kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Mama yule alisikiliza bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Kisha akasema, "Nipe ndoo."

Alimpa ndoo ya kitako cha kioo. Mannoubia akainamia maji, akachungulia.

"Namwona. Mbona kaachama hivyo?"

"Ndivyo alivyo. Subiri uone."

Ferjani akaingia majini taratibu, akapitisha mkono. Chaza hakufunga. Akapitisha tena, karibu zaidi, mpaka kivuli kikamfunika wote. Akamgusa mdomo kwa kidole. Ndani nyama ilikuwa imelegea na kujikunja pembeni, na samaki wadogo walikuwa wameshaanza kuidonoa. Siku mbili nyuma alikuwa amefunga. Ferjani alibaki chini na mkono wake umenyooka mpaka Mannoubia akagonga ubavu wa mashua kwa hofu.

"Amekufa?" Mannoubia aliuliza Ferjani alipoibuka.

"Amekufa, shangazi."

Maji yakaigongagonga mashua. Ferjani alishika ukingo wake lakini hakupanda.

"Baba nilimhamisha, akafa. Huyu nimemwacha kwao, naye kafa. Sasa niambie wewe, nilitakiwa kufanya nini?"

"Sijui," alisema Mannoubia. "Kufa kwao sikulaumu. Nakulaumu kitu kimoja. Baba yako ulimbeba alfajiri kama mzigo wa magendo. Tumeamka, kivuko kimeshaondoka. Miaka arobaini na ushee tumevua sisi naye bega kwa bega, na sikumwambia hata kwaheri. Na huyu naye umemficha mpaka kafa. Ungeniambia, Ferjani, ningekuja kumlinda nawe. Hukutuamini."

Hilo lilimwingia Ferjani kuliko kuitwa mwizi.

Mannoubia akajifuta mikono kwa gauni, akapaza sauti kuelekea mashua nyingine. "Mzee Tijani! Nimeangalia vizuri. Sijaibiwa."

"Umenitoa nyumbani na magoti haya uje uniambie hujaibiwa?"

"Macho yangu ya uzee. Uzio ubaki ulivyo."

Wanaume wakatazamana. Tijani akatukana kidogo, akageuza mashua.

Siku hiyohiyo Ferjani alimpigia simu Ibtissem, akamwambia kila kitu, na kwamba alimdanganya. Daktari alikuja na kivuko cha kwanza. Aliingia majini mwenyewe, akakaa chini muda mrefu, akatoka na chaza mikononi kama anayebeba mtoto aliyelala. Ferjani akamuuliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Ningekwambia mapema, angekuwa hai?"

"Labda," alisema Ibtissem. "Labda angekufa kwetu. Ila ningependa kumwona akifunga mdomo, Ferjani. Hata mara moja tu."

Hakumfukuza kazi. Kwa Ferjani hiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko kufukuzwa, lakini aliibeba.

Uzio ule umepinda hadi leo. Makuti mapya yakiletwa, Mannoubia huchomeka wa kwake kwa kuufuata mpindo wa Ferjani, naye Ferjani husimama upande wa pili akimshikilia mashua. Kabla ya kuti la kwanza kuingia mchangani humwita, "Shangazi, njoo," naye huinama na ndoo yake ya kioo. Ferjani hupitisha mkono juu ya nyasi, polepole, na wote wawili hungoja.