Mafungu ya Shilingi Mbili

Nilikuwa mchuma chai, na mume wangu alichochea moto kiwandani. Tulitoka upande wa ziwa tukapewa nyumba kwenye laini ya wafanyakazi, si mbali na Kericho. Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na kitu. Nikitoka shambani na mgongo umekufa, nilipiga magoti kusaga mahindi kwa jiwe. Wanawake wote wa laini tulikuwa hivyo. Magoti yetu yalikuwa na sugu kama ya ngamia.

Jumapili moja, baada ya ibada, fundi mmoja Mkipsigis kutoka Silibwet alisimama mbele yetu. Alikuwa amejifunza kwa wamisheni kujenga kinu kinachozungushwa na maji.

"Mto upo na mimi nipo," alisema. "Mawe makubwa ya kusagia na vyuma ndivyo nisivyo navyo. Hakuna mtu mmoja hapa anayeweza kuvinunua. Lakini tukichanga, tutaweza."

Karani wa mizani, aliyepima majani yetu kila siku, ndiye aliyechaguliwa kushika mchango. Alikuwa mtu wa milima ya magharibi, na hakuna aliyewahi kumshuku kwa ratili hata moja. Alitangaza kwamba fungu moja litakuwa shilingi kumi.

Mimi nilikuwa na shilingi nne, za omena, wale dagaa wa ziwani, alizonitumia dada yangu nikauza pale laini. Nilisimama. Wanaume waligeuka kunitazama.

"Karani, fanya fungu liwe shilingi mbili," nilisema. "Mwenye kumi atapata mafungu matano, mimi nitapata mawili. Faida ikija, kila fungu lipate sawa na lingine. Hapo nani ameibiwa?"

"Mama, hii ni kazi ya wanaume," mpishi wa meneja alinijibu.

"Nani anasaga kwako?" nilimuuliza. Watu wakacheka, naye akakaa.

Fundi alikubali kwanza, halafu karani. Wiki hiyo wanawake saba tuliingia. Nilidai jambo moja zaidi: karani alipwe kwa kazi yake, lakini alipwe kutoka kwa faida, asiguse mchango. Hakukasirika. Alisema hata yeye angedai hivyo.

Pesa zilipotosha, karani alitushangaza. Hakutaka zote ziende kwenye kinu. Alinunua mawe na vyuma, kisha akanunua plau na ng'ombe wanne wa kulimia watu kule Silibwet kwa malipo. Sehemu iliyobaki aliiweka kwenye mkokoteni wa kubeba nafaka kutoka Longisa. Mpishi alinung'unika kwamba tumetawanya nguvu. Karani alimwambia, "Mzee, mvua ikinyesha hapa si lazima inyeshe Longisa."

Kinu kilisaga miezi mitano. Halafu masika yakaja na hasira. Asubuhi moja tulikuta mto umebeba gurudumu la mbao na kubomoa mfereji. Mawe ya kusagia tu ndiyo yaliyobaki, yamezama kwenye tope. Fundi aliketi ukingoni na kujifunika uso.

Tulipokutana, mpishi alipiga kelele. "Nataka pesa zangu leo!"

"Haziko kwenye kopo nikakutolee," karani alimjibu kwa upole. "Ziko kwenye mawe, kwenye ng'ombe, kwenye mkokoteni. Ukitaka kutoka, mafungu yako tutayauza kwa bei ya leo. Na leo bei iko chini. Ngoja, ndugu yangu."

Hakutaka kungoja. Fungu moja lilikuwa limeshuka hadi shilingi moja na senti ishirini. Nilifungua kitambaa changu nikanunua mafungu yake matatu. Mume wangu alinivuta kando.

"Mama watoto, unanunua kinu kilichobebwa na maji?"

"Nanunua sehemu ya ng'ombe," nilisema, "na ya mawe ambayo mto umeshindwa kuyabeba."

Nisidanganye, niliogopa. Zile zilikuwa pesa za blanketi la watoto. Ndiyo maana kesho yake, majani yalipokwisha kupimwa, niliwaita wanawake wenzangu twende mtoni. Tulibeba mawe vichwani, tukajenga mfereji upya, juu zaidi, mahali fundi alipotuonyesha. Mvua ilitunyeshea. Mmoja wetu aliteguka mguu akaendelea kupokea mawe akiwa ameketi. Majuma yale yote plau na mkokoteni ndivyo vilivyoleta kitu, na kwa hicho karani alinunua mbao za gurudumu jipya bila kumwomba mtu senti zaidi.

Siku maji yalipoligusa gurudumu, lilisita, likalia, likazunguka. Unga wa kwanza ulikuwa na mchanga. Tuliula hivyo hivyo.

Mavuno yale tuligawana faida, kila fungu sawa. Sikutajirika. Nilinunua blanketi, na mwaka uliofuata nikamlipia binti yangu shule ya misheni. Ng'ombe mmoja alikufa, fungu likashuka tena kidogo, likapanda tena. Sikuuza. Mpishi alirudi kuomba kuingia, akaingia kwa bei ya siku hiyo, shilingi tatu kwa fungu. Alilipa huku akinitazama. Nilisogea kwenye benchi nikampa nafasi, maana karani alikuwa ameanza kutueleza habari ya plau ya pili.